Jiki, sabuni, maji ya moto au sanitaiza? Cha kusafishia norovirusi ikishaingia nyumbani

Mtu mmoja ametapika usiku wa Jumatatu. Jumatano asubuhi wa pili ameshika tumbo, Alhamisi nyumba nzima inapigania choo. Mfuatano wa namna hiyo mara nyingi ni wa norovirusi: dalili huanza saa 12 hadi 48 baada ya kirusi kuingia mwilini, kutapika huja ghafla, kuharisha maji maji hufuata, na baada ya siku 1 hadi 3 mgonjwa huinuka. Inakadiriwa kwamba chembe kama 18 tu za kirusi zinatosha kumuuguza mtu, na tone dogo la matapishi hubeba nyingi kuliko hizo mara maelfu. Aliyepona naye huendelea kukitoa kwenye kinyesi kwa wiki 2 au zaidi, anatembea na hana habari.

Jina lake lilitoka Norwalk, mji wa jimbo la Ohio, Marekani, ambako mwaka 1968 wanafunzi wa shule ya msingi waliugua kwa mkumbo. Kirusi chenyewe kilionekana kwa darubini ya elektroni mwaka 1972. Chanjo ya rota wanayopewa watoto kliniki haikizuii, maana hao ni virusi wa ukoo mwingine. Kwa hiyo mzigo wote unaiangukia ndoo na mikono. Hapo ndipo watu wanapokwama dukani: wanunue jiki, ile dawa ya kahawia inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia majini, chupa kubwa ya sanitaiza, au sabuni ya mche tu na kuni za kuchemshia?

Mkanganyiko mwingi umeachwa na korona. Kirusi cha korona kimevaa koti la mafuta, na spiriti au sabuni hulichana koti hilo kwa sekunde chache. Norovirusi haina koti. Ina ganda gumu la protini, na ganda hilo halijali mafuta yameyeyuka au hayakuyeyuka. Mazoea ya 2020 ya kupaka sanitaiza kisha kuendelea na shughuli hapa yanadanganya.

## Tunapima kwa mambo gani

Kila njia hapa chini imepimwa kwa mambo matano: inakifanya nini kirusi (inakiua, au inakiondoa tu), kipimo na muda wake, inakokosewa, upatikanaji wake na madhara yake, na inamfaa nani.

Jambo moja halibadiliki, yoyote utakayochagua: uchafu unaoonekana huondolewa kwanza. Matapishi na kinyesi vimejaa protini, na protini hiyo huinywa klorini kabla klorini haijakifikia kirusi. Ukimimina jiki juu ya matapishi utapata harufu kali na povu. Kirusi kitakuwa salama huko chini.

## Jiki ya maji

Kwa kirusi. Inakiua. Klorini huliunguza ganda la protini lenyewe, ndiyo maana mamlaka za afya huitanguliza kwa sakafu, vyoo na vitasa pale norovirusi inaposhukiwa.

Kipimo na muda. Viwango viwili vinatosha kukumbukwa. Asilimia 0.1 ya klorini ni ya mahali palipokwisha kusafishwa na ambapo hapakuchafuka moja kwa moja: vitasa, swichi, bomba, kiti cha choo, meza. Asilimia 0.5 ni ya pale penyewe palipotapikiwa au kuharishiwa.

Soma lebo kabla ya kupima. Jiki nyingi za madukani zina asilimia kati ya 3.5 na 5. Hesabu ni hii: gawanya nguvu ya lebo kwa nguvu unayotaka, toa 1, jibu ndilo idadi ya vipimo vya maji kwa kipimo kimoja cha jiki. Kwa jiki ya 3.5:

- Kupata 0.1: kipimo 1 cha jiki, 34 vya maji. Yaani vijiko 2 vya chakula kwa lita moja, au vijiko 3 vya chai kwenye chupa ya nusu lita. Kwa ndoo ya lita 10, kikombe cha mililita 250 na vijiko 2 vya chakula juu yake.
- Kupata 0.5: kipimo 1 cha jiki, 6 vya maji. Kikombe kimoja cha jiki, vikombe sita vya maji.

Ikiwa lebo inasema 5, uwiano unakuwa 1 kwa 49 na 1 kwa 9. Tumia maji ya baridi, maana ya moto huivunja klorini. Lowesha mahali pabaki pamelowa kwa dakika 5 bila kupungua, 10 ikiwa ni palipotapikiwa, ndipo ufute. Watu wengi hupitisha tambara na kukausha papo hapo. Hapo umelipia harufu.

Matapishi sakafuni yanataka utaratibu wake, na ni vizuri mtu mmoja tu aufanye. Watoe watu chumbani na ufungue madirisha, kwa sababu kutapika hurusha matone madogo mbali kuliko dimbwi unaloliona. Vaa glavu, au mifuko ya nailoni mikononi ukikosa, na barakoa. Funika dimbwi kwa matambara ya kutupwa, karatasi, au majivu. Kusanya kutoka ukingoni kuelekea katikati, usisambaze. Funga kwenye mfuko, uufunge tena ndani ya mwingine. Osha pale kwa maji ya sabuni, suuza. Majivu yasibaki, kwani hupunguza makali ya klorini. Sasa ndipo mimina ile ya 0.5, ukienda mita moja au mbili nje ya mpaka wa uchafu, na kuta za karibu pia kwa chini. Hesabu dakika 10. Futa, suuza, kisha loweka dekio lenyewe kwenye dawa hiyohiyo. Dekio lililoachwa kwenye ndoo chafu ndilo litakalokipeleka kirusi sebuleni kesho.

Inakokosewa. Kosa la hatari kuliko yote ni kuchanganya. Jiki na dawa ya choo yenye asidi, au siki, au ndimu, hutoa gesi ya klorini. Jiki na amonia hutoa gesi nyingine ya kukaba koo. Mkojo uliojaa poti la mtoto unatosha kutoa harufu hiyo: mwaga, suuza, ndipo utie jiki.

Kosa la pili ni jiki iliyochoka. Jua na joto huila nguvu yake hata chupa ikiwa imefungwa, na ile iliyokaa dirishani dukani miezi mingi si ile ya lebo. Ile ya kupima inayouzwa kwenye chupa za maji zisizo na lebo haina hesabu kabisa, na harufu haikuambii kitu, kwa sababu hata jiki dhaifu hunuka. Uliyoichanganya na maji iishe ndani ya saa 24. Iandike saa juu ya chupa.

La tatu: jiki ya nguo za rangi. Nyingi kati ya hizo hazina klorini. Unachotafuta kwenye lebo ni hipokloriti ya sodiamu, ambayo lebo nyingi huiandika kwa Kiingereza, sodium hypochlorite.

Upatikanaji na madhara. Iko kila duka la mtaa na lita moja huenda mbali. Hubabua nguo za rangi, hula chuma (suuza vitasa na masinki dakika zake zikitimia), huwasha macho na kuamsha pumu. Usiihifadhi kwenye chupa ya soda. Mtoto haulizi kilichomo.

Inamfaa nani. Mwenye sakafu ya saruji au vigae, choo cha ndani au cha kuchangia, na mtu mzima asiye na pumu wa kuifanya kazi hiyo. Haimfai anayetaka kusafisha zulia, kochi la kitambaa au khanga.

## Klorini ya unga

Kwa kirusi. Inafanya kazi ileile ya jiki, kwa sababu ni klorini ileile katika umbo jingine.

Kipimo na muda. Unga wenye asilimia 65 hadi 70 ya klorini: kijiko 1 cha chakula cha kusawazisha, takribani gramu 15, kwa lita 10 za maji hutoa 0.1. Vijiko 5 kwa lita 10 hizo hutoa 0.5. Koroga kwa mti au plastiki, acha nusu saa chokaa itue, tumia maji ya juu. Dakika ni zilezile.

Inakokosewa. Maji humiminwa kwanza, unga hufuata. Ukigeuza utaratibu unarukiwa usoni. Kijiko chenye mafuta au unyevu kikiingia koponi unga huweza kupata moto wenyewe. Watu pia huchukua vidonge vya kutibia maji ya kunywa wakidhani ni vilevile. Kidonge kilichopimwa kwa ndoo ya lita 20 za kunywa kinatoa klorini kidogo mno kwa sakafu iliyotapikiwa. Hali kadhalika ile dawa ya maji ya chupa ndogo: ni dhaifu kuliko jiki, na kazi yake ni nyingine.

Upatikanaji na madhara. Huipati kwa mangi wala kioski. Iko kwa wauzaji wa vifaa vya mabwawa ya kuogelea na wa kemikali za maji. Ikifungwa vizuri mahali pakavu na baridi hudumu kuliko jiki ya maji, na kusafirisha kilo moja ni rahisi kuliko madumu. Huziba vipulizio kwa masalia yake.

Inamfaa nani. Bweni, hosteli, kituo cha afya, hoteli, kambi. Familia ya watu watano haina haja nayo, na kopo lililokaa chini ya kitanda kwa miaka ni ajali inayosubiri.

## Sabuni na maji

Kwa kirusi. Hapa ndipo watu hudharau. Kweli, sabuni haikiui kirusi hiki. Inakifungua kutoka kwenye ngozi na mafuta yake, na maji yanakipeleka chini. Kwa mikono hilo ndilo unalotaka, maana huwezi kunawa kwa klorini ya sakafu kila baada ya choo.

Kipimo na muda. Sekunde 20 za kusugua, na hesabu inaanza povu likiwa tayari mkononi. Viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba kimoja kimoja, kisha ncha za vidole zikisuguliwa kwenye kiganja ili sabuni iingie chini ya kucha. Kucha ndefu ni ghala. Suuza kwa maji yanayotiririka, kausha kwa kitambaa chako mwenyewe.

Neno "yanayotiririka" ndilo lenye uzito. Beseni moja la kunawia linalozungushwa mezani, mgeni baada ya mgeni, humpa wa mwisho alichokiacha wa kwanza. Birika na beseni la kupokelea, au kibuyu chirizi nje ya choo, vinafanya kazi sawa na bomba. Dumu la lita 5 lililotobolewa tundu la msumari linatosha mikono mingi kabla ya kujazwa tena.

Inakokosewa. Kunawa baada ya choo lakini si baada ya kumfuta mtoto. Kufunga bomba kwa mkono uleule uliolifungua ukiwa mchafu: lifunge kwa kiwiko, au kwa kipande cha karatasi. Taulo moja la familia nzima. Na kutegemea sabuni peke yake sakafuni: deki la sabuni hupunguza kirusi, lakini kilichobaki kwenye tambara husambazwa chumba kwa chumba.

Upatikanaji na madhara. Rahisi kuliko yote, ya mche au ya unga au ya maji. Sabuni iliyoandikwa kuua bakteria haina faida ya ziada hapa, norovirusi si bakteria. Ngozi hukauka ukinawa mara kumi na tano kwa siku. Mafuta ya nazi kidogo usiku hurudisha.

Inamfaa nani. Kila mtu, kwa mikono, kwa mwili wa mgonjwa na kwa vyombo vya chakula. Kwa sakafu ni hatua ya kwanza tu.

## Moto

Kwa kirusi. Unakiua, ukiwa moto wa kweli. Norovirusi imewahi kustahimili nyuzi 60 za Selsiasi kwa nusu saa, kwa hiyo maji ya "moto wa kuvumilika mkononi" hayaifanyi kitu. Maji yanayotokota yanaiua.

Kipimo na muda. Maji ya kunywa: yatokote kwa dakika 1 kamili, dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000, kama Limuru au Njombe ya milimani. Shuka, foronya na nepi za pamba: mashine ya kufulia kwenye kiwango cha moto kuliko vyote, au sufuria kubwa jikoni, zitokote dakika 10 pamoja na sabuni. Chaza na kome: ndani ya nyama pafike nyuzi 90 kwa sekunde 90. Ganda kufunguka si dalili ya kuiva, hufunguka mapema zaidi. Wanyama hao huchuja maji ya bahari na kukusanya chochote kinachotoka kwenye mabomba ya vyoo karibu na mikoko.

Inakokosewa. Nguo za mgonjwa hukung'utwa kabla ya kufuliwa. Zikunje ndani kwa ndani na uzibebe mbali na kifua chako. Maji huchemshwa vizuri kisha hutekwa kwa kikombe kilichoshikwa na mkono wa mgonjwa. Jua nalo hutegemewa kupita kiasi. Kuanika ni kuzuri na huongeza, lakini nguo iliyofuliwa kwa maji ya baridi na kuanikwa saa mbili usiihesabu kuwa imeuliwa virusi. Pasi ya moto, ya mkaa au ya umeme, ikipita polepole juu ya kitambaa chenye unyevu, inafaa kuliko kamba.

Upatikanaji na madhara. Gharama yake ni kuni, mkaa au gesi, na kwa shuka nne hiyo si kidogo. Huunguza watu: sufuria ya lita 20 inayotokota na mtoto wa miaka miwili wasiwe jiko moja. Vitenge vya rangi kali huchuja, sufu husinyaa, polyester hukunjamana.

Inamfaa nani. Mwenye nguo na matandiko ya pamba, mwenye maji asiyoyaamini, na mwenye mgonjwa wa pumu ndani ya nyumba asiyevumilia harufu ya klorini.

## Sanitaiza na spiriti

Kwa kirusi. Inakipunguza kidogo, kwa bahati nasibu. Spiriti huyeyusha koti la mafuta, na hapa koti halipo.

Kipimo na muda. Kama huna budi, isiwe chini ya asilimia 70 ya kileo, ijae kiganja, isuguliwe hadi ikauke yenyewe, sekunde 30 hivi. Kisha nawa kwa sabuni mara tu ukifika kwenye maji.

Inakokosewa. Hupakwa juu ya mkono wenye uchafu, ambapo haifiki ngozini. Pia huwekwa mlangoni pa choo badala ya maji, na watu wakaridhika.

Upatikanaji na madhara. Bado ipo kila kona. Hushika moto, mtu aliyeipaka asikimbilie jiko la gesi papo hapo.

Inamfaa nani. Abiria wa basi la safari ndefu, mhudumu aliye mbali na maji, anayeuguza ndani ya chumba kisicho na bomba. Ni ya kuziba pengo. Ukiwa na lita moja ya maji na kipande cha sabuni, viache vitangulie.

## Dawa za antiseptiki na za harufu

Kwa kirusi. Ile dawa ya kahawia inayogeuka nyeupe majini, na zile za deki za harufu ya msonobari au maua, zilitungwa zaidi kwa bakteria. Virusi visivyo na koti ni wagumu kwake.

Kipimo na muda. Fuata lebo, lakini usitarajie kwamba kuongeza kipimo kutaigeuza kuwa klorini. Chupa ikitaja norovirusi kwa jina, na kipimo na dakika zake, hiyo ina haki ya kusikilizwa. Zipo chache za mahospitalini za aina hiyo, ikiwemo ya haidrojeni peroksaidi iliyotengenezwa maalumu.

Inakokosewa. Pua ndiyo inayodanganya hapa. Chumba kikinukia watu huona kimesafika. Kosa jingine ni kuichanganya na jiki "iongeze nguvu". Usifanye hivyo.

Upatikanaji na madhara. Zipo, ghali kwa lita kuliko jiki, laini kwa nguo na sakafu.

Inamfaa nani. Mwenye kidonda cha kuosha, na mwenye kudeki siku za kawaida. Wiki ya kutapika, ikae kabatini.

## Godoro

Linastahili aya yake, kwa sababu hakuna njia hata moja inayolimaliza. Godoro la sponji lisilo na mfuniko halichemki, na jiki ikilinyeshea hubaki ndani siku nyingi ikinuka. Kinachowezekana: kausha haraka kwa matambara kwa kukandamiza, usisugue, pangusa kwa maji ya sabuni, pangusa kwa 0.1 iliyokamuliwa vizuri, subiri dakika 10, pangusa kwa maji matupu. Lisimamishe juani pande zote mbili hadi likauke kabisa. Mtu mwingine asililalie siku hizo. Mfuniko wa plastiki, hata wa nailoni ya mezani iliyofungwa kwa kamba, uwekwe usiku wa kwanza wa kutapika, si wa tatu, kwani plastiki inafutika kwa jiki kwa dakika tano na kazi imekwisha.

## Uchague nini, kwa hali yako

Chumba kimoja cha kupanga, choo cha kuchangia. Jiki na sabuni. Nusu lita ya 0.1 kwenye chupa yenye alama, itumike kwenye kitasa, komeo na pale miguu inapokanyaga chooni kila mgonjwa anapotoka. Kubaliana na majirani kibuyu chirizi kikae mlangoni. Ukisafisha peke yako unasafisha nusu.

Kuna mtoto mchanga au anayetambaa. Sakafu ipate jiki, lakini isuuzwe mara mbili na ikauke kabla hajashushwa. Vitu vya kuchezea vinavyoingia mdomoni: sabuni, kisha maji yanayotokota kama ni vigumu na havina betri. Nepi za kitambaa zichemshwe.

Ndani kuna mwenye pumu. Moto kwa nguo zote, sabuni kwa mengine, na jiki iwe ya choo na ya pale palipotapikiwa tu, yeye akiwa nje na madirisha wazi.

Mama lishe, mgahawa, mpishi wa shughuli. Hakuna dawa ya sakafu inayofidia mpishi mgonjwa. Akae nje ya jiko hadi zipite saa 48 tangu kutapika au kuharisha kwa mwisho, hata akisema yuko mzima. Kachumbari, matunda ya kukatwa na juisi ndivyo vya kuogopa zaidi, havipiti motoni baada ya mkono. Kunawa ni kwa sabuni na maji yanayotiririka; sanitaiza ya kaunta isihesabiwe. Meza na mbao za kukatia zipate 0.1 baada ya kuoshwa, zisuuzwe kabla ya chakula kurudi.

Bweni au hosteli. Klorini ya unga, na mtu mmoja aliyefundishwa kupima. Kila mwalimu wa zamu akipima kwa jicho lake utapata ndoo kali Jumatatu na maji matupu Jumanne. Wagonjwa watengewe choo chao. Vitasa na bomba mara kadhaa kwa siku, si asubuhi tu.

Maji ni ya shida. Weka akiba ya mikono kwanza, ya maji ya kunywa yaliyochemshwa pili, ya deki mwisho. Lita moja ya dawa ya 0.5 ikipelekwa palipotapikiwa tu ina kazi kuliko ndoo nzima ya 0.1 iliyosambazwa ua mzima.

Safarini. Kipande cha sabuni kwenye kijikopo, chupa ya maji, sanitaiza nyuma yake.

Na wakati ndoo zinaendelea, mgonjwa mwenyewe anahitaji maji ya chumvichumvi na si dawa ya kuua kirusi, kwani haipo: pakiti moja ya ORS kwa lita moja kamili ya maji safi, kijiko kimoja kila dakika mbili tatu ikiwa anatapika. Apelekwe kituo cha afya akishindwa kubakiza hata kijiko, akikaa saa nane bila mkojo, macho yakidumbukia, damu ikionekana kwenye choo, au choo kikiwa kama maji ya kuoshea mchele. Hicho cha mwisho kinaweza kuwa kipindupindu, na kipindupindu hakingoji siku tatu.